Mtego wa Kijito cha Wazungu

Leo sina uso. Ukiuokota njiani, huko barabara ya Banalia, uache hukohuko. Mwenyewe hautaki tena.

Naandika nyuma ya daftari letu la vipimo, pale tunapoandikiana vituko sisi mafundi wanne wa baraza moja, maana najua kesho habari itafika kazini kabla yangu. Afadhali muisome kwa mwandiko wangu. (Mwandiko mbaya, najua. Mapadri walinifikisha darasa la nne, halafu cherehani ikanichukua.) Nitaandika haki tupu. Hata pale haki inaponiuma. Pale hasa.

Bon. Mtu mwenyewe anaitwa Ramazani.

Ramazani ni binamu wa mke wangu Feza, wa mbali kidogo. Alimposa Feza kabla yangu. Feza akamkataa, akanikubali mimi. Kwa nini, mpaka leo hajasema, na mimi naogopa kuuliza asije akafikiri upya. Tangu uhuru Ramazani ana duka mjini, lile lililokuwa la Mgiriki. Anavaa suruali ya kijivu yenye mkunjo unaoweza kukata mkate. Niliichunguza suruali ile kama fundi. Nilitafuta mshono uliopinda, uzi unaoning'inia, kifungo kilicholegea. Hakuna! Nilikaa nyuma yake muda wote wa matanga ya jirani nikitafuta. Hakuna.

Haki yake nimpe: ni mtu mwema. Halewi, hasengenyi, anawasalimu watoto kwa majina yao. Ana meno yote. Angekuwa na tabia mbaya moja tu, hata ya kukoroma, ningemshukuru sana.

Sasa mama mkwe. Mama Zaina ni mtoto wa Wangwana wa zamani, wale ambao babu zao walikuja na misafara ya biashara. Nilipoenda kuposa alitaka mambo mawili. La kwanza, nisilimu. La pili, kwa kuwa mimi ni Mgenia, nyumba yake isikose samaki. Nilisilimu. Antoine akawa Athumani. Samaki ndiye hajafika.

Mnajua watu wanavyotuona sisi Wagenia wa maporomoko. Eti mtoto wetu anaogelea kabla ya kutembea. Eti tunasimamisha mitego yetu mikubwa katikati ya maji yanayonguruma, mitego iliyosukwa kwa kamba za msituni, tukicheka. Ni kweli kabisa. Ila mimi niliondoka mtoni mdogo. Mtego wa mwisho niliutega nikiwa bado na meno ya utoto. Jambo hilo sikumwambia Mama Zaina. Wala Feza. (Hawakuuliza. Hapana, hiyo si haki. Waliuliza, nikajibu mambo mengine.)

Alhamisi Ramazani alikuja kusalimu. Alileta sukari na sabuni, akaketi, akasema:

"Shemeji, Jumapili twende wote ku Kijito cha Wazungu. Batoto baone maji. Zamani tulikuwa tunakatazwa. Sasa iko ya kwetu."

Wazo zuri. Niliona wivu kwamba si langu. Mama Zaina akapiga makofi.

"Ramazani, weye unafikiria batu! Sukari umeleta, sabuni umeleta, sasa tena matembezi. Huyu mukwe wangu Mugenia, tangu arusi, hata mufupa ya samaki sijaona kwake."

Feza akacheka. Kucheka si dhambi. Lakini alicheka akimwangalia Ramazani, na kilikuwa kicheko kirefu, cha kuinama, ambacho mimi sijakipata tangu msimu wa mvua. Kwangu mimi huwa anatabasamu tu, kama mtu anayepokea chenji. Nikasikia mdomo wangu unasema:

"Alors! Jumapili mutakula samaki yangu. Nitatega mbele yenu, kwa mukono yangu."

Mama Zaina akainua nyusi. Feza akageuka, akaniangalia mimi. Mimi! Akasema polepole, akiniita kwa jina la binti yetu, "Kweli, Papa Madina?"

Ningefanya nini? Nilisema kweli.

Jumamosi nikaenda maporomokoni kwa tonton yangu, ndugu wa baba, kuazima mtego. Alinipa mdogo kuliko yote, na bado mdomo wake mtu mzima anaingia mpaka kiuno. Nyuma unakwenda ukibana, ukibana, hadi mkiani ambako hata ngumi inapita kwa shida. Tonton akauliza nitaupeleka wapi. Nikamwambia.

"Ku kile kijito? Kule iko vyura tu, mutoto wangu. Samaki ya kule ni kidogo sana, inapita katikati ya fito na inakusalimia."

Hapo ndipo shetani alikuja. Hakuja na pembe. Alikuja na hesabu rahisi: kama samaki hayuko kijitoni, apelekwe.

Leo alfajiri nikashuka sokoni ukingoni, wanapouza akina mama wa kwetu, samaki wakiwa bado wanafungua midomo. Nilivaa kofia mpaka machoni. Nikachagua kambale mmoja mnene, mrefu kama mkono wangu. Mama muuzaji akanikazia macho.

"Papa, sura yako ninaijua. Weye si mutoto ya kwetu? Tangu lini Mugenia ananunua samaki?"

"Mimi? Hapana, mama. Mimi mutu ya Banalia."

"Banalia! Na mutoni yenu kubwa vile, samaki imeisha?"

"Imeisha," nikasema.

(Ndiyo. Nilikana kabila langu kwa kambale mmoja. Naandika ili msiseme nilificha.)

Akampitisha kamba mashavuni, kama wanavyofanya wote ili mtu abebe vizuri, nikamviringisha kwenye majani na kumweka ndani ya shati, juu ya tumbo. Baridi yake sitaisahau. Mara mbili alijipinda. Mara mbili nilipiga kelele nikajifanya nakohoa.

Tukaondoka: mimi, Feza, binti yetu Madina wa miaka saba, Mama Zaina na Ramazani. Feza alikuwa amesuka nywele upya. Kwa ajili ya nani? Sikuuliza. Nilibeba mtego kichwani, kwa hiyo sikuona mbele wala pembeni, niliona miguu tu. Niliona viatu vya Ramazani, vyeusi, vinang'aa, sambamba na ndara za Feza. Tulipovuka daraja la Tshopo nilimsikia akieleza jinsi maji yanavyozungusha mashine na kuleta umeme wa mji. Alieleza vizuri. Hata mimi nilielewa, na sikutaka kuelewa.

"Papa," Madina akasema, "minasikia harufu ya samaki."

"Ni mutego, mama. Mutego iko na harufu ya zamani."

"Na nzi?"

"Nzi pia ni ya zamani."

Mbele kidogo kulikuwa na kizuizi. Siku hizi, kwa maneno haya ya waasi, kila barabara ina gogo na askari wawili. Mmoja akauzunguka mtego wangu kwa bunduki.

"Hii ni nini? Ya kufunga batu?"

"Ya samaki, chef."

"Samaki kubwa namna hii, iko wapi huko polini? Vua shati, tuone."

Jasho likanitoka. Kambale naye akatulia, nadhani alisikia. Ndipo Ramazani akasogea, akavua kofia, akasalimu, akauliza askari anatoka upande gani, akajua kijiji chake, akamuulizia hata barabara ya huko kama imetengenezwa. Dakika tatu! Gogo likainuliwa, yule askari akambeba Madina kumvusha. Mama Zaina akasema kwa sauti, ili nami nisikie chini ya mtego, "Ule ni mwanaume."

Ni kweli, ni mwanaume. Aliniokoa. Nilimchukia mpaka kwenye kona.

Kutoka barabarani kuna njia ya kupanda mlima. Naandika mlima kwa heshima tu, sisi Kisangani tuna kilima kimoja na hatutaki kukivunjia adabu. Kijito kinashuka hapo juu ya mawe, kinaanguka mara tatu, kisha kinatulia kwenye dimbwi safi. Zamani kulikuwa na ubao wa Wabelgiji ulioandikwa nani haruhusiwi. Ubao bado upo. Mtu aliung'oa, akaulaza juu ya mawe mawili, na leo familia moja ilikuwa imepanga kwanga yao ya muhogo na mboga ya pondu juu ya maandishi. Watu walikuwa wengi mno! Jumapili kila mtu anakwenda huko kukaa pale alipokatazwa. Kulikuwa na gramofoni, akina mama na masufuria, wazee wametumbukiza miguu majini na kunyamaza kama wako kanisani.

Nilipoingia majini na mtego, wakasimama.

"Mugenia! Mugenia anatega!"

Wenzangu, sitawadanganya, nilijisikia vizuri. Nilikunja uso kama baba yangu alivyokuwa akikunja. Nikachagua mawe mawili karibu na mwanguko wa mwisho, maji yakinifika magotini, nikausimamisha mtego, mdomo ukitazama juu yanakotoka maji, mkia chini, nikaufunga kwa kamba. Nikaonja maji kwa kidole. (Hakuna Mgenia anayeonja maji kwa kidole. Nilibuni papo hapo.) Wakasema "Eee!" Na Feza alikuwa amesimama mbele kabisa, mkono kiunoni, akiniangalia mimi peke yangu. Robo saa ile naiweka akiba ya uzeeni.

Kisha tukangoja.

Tukangoja.

Alikuja chura mmoja. Aliingia, akazunguka, akatoka.

Watu wakarudi kwenye masufuria yao. Feza akatandika kitambaa chetu, akafungua lituma, ndizi za kupondwa, na pilipili. Katikati akaacha nafasi tupu, ya samaki. Mama Zaina akaitazama nafasi ile, kisha akanitazama. Akikasirika huniita jina langu la zamani.

"Antwani. Samaki yako bamekwenda misa?"

"Batarudi, mama. Samaki inataka uvumilivu."

"Lituma haina uvumilivu. Inapoa."

Hapo Ramazani akakohoa, kwa adabu, na kutoa mfukoni makopo mawili ya sardini.

"Nilileta hii kama akiba tu," akasema. "Si kwamba niliona mashaka."

Akafungua yote mawili bila kujikata. Hata tone la mafuta halikudondoka kwenye suruali ile. Akagawa, na ile sardini kubwa kuliko zote akaniwekea mimi. Mimi! Mgenia, kando ya maji, nakula samaki wa kopo kutoka mkononi mwa Ramazani.

Ilikuwa tamu. (Haki ni haki.)

Baada ya kula Feza akataka kuvuka mawe aone mwanguko wa juu. Nikajiinua, lakini kambale alikuwa ameteremka upande wa mkanda, nikachelewa kumrekebisha. Ramazani akampa mkono. Wakavuka jiwe la kwanza, la pili, la tatu. Jiwe la nne lilikuwa bapa kama meza, hata Madina alilivuka peke yake akiimba. Bado walikuwa wameshikana mikono. Naye Feza akateleza kidogo, na kile kicheko cha kuinama kikatoka tena, kikaja mpaka kwangu juu ya maji.

Nikasema: sasa hivi. Sasa hivi huyu mwanamke ataona samaki.

"Nakagua mutego," nikamwambia Mama Zaina. Alikuwa anatafuna mfupa wa sardini.

Mpango ulikuwa mwepesi. Naingiza mkono, namsukuma kambale mpaka mkiani, natoka, napiga kelele ya furaha. Nikawapa watu mgongo, nikamtoa shatini, nikamwingiza. Lakini mkono haukufika. Kambale akabaki katikati, akaanza kupiga mkia kurudi mdomoni kama mgeni aliyekosea nyumba. Nikaingiza kichwa. Nikaingiza mabega. Nikamsukuma tena. Akafika! Nikavuta pumzi, nikataka kutoka.

Wenzangu, nyinyi hamkuzaliwa maporomokoni, kwa hiyo nitawaeleza. Mtego wetu umesukwa kwa akili. Ukiingia, fito zinakupisha, tafadhali pita. Ukirudi nyuma, zinakukumbatia. Na maji yote ya kijito yanakusukuma mgongoni, yanakuambia endelea. Ndivyo samaki anavyokwisha. Hayo yote nilifundishwa nikiwa mdogo na nilikuwa nimeyasahau, na leo nilikumbushwa kila kitu kwa mara moja, kuanzia shingoni.

Nikajivuta. Bega likakwama. Nikajivuta kwa nguvu. Mkono nao ukakwama, umemshika kambale. Maji yakanifika kidevuni. Kichwa chini, miguu juu, sehemu ile nyingine ya mwili hewani, imeelekea familia zote za Kisangani.

"Saidia!" nikalia. Lakini ndani ya mtego sauti inatoka kama ng'ombe aliye kisimani.

Nikasikia mtoto wa watu anapiga mayowe.

"Amenasa! Mutego imenasa! Samaki mukubwa!"

"Wapi?"

"Pale! Anapiga mukia!"

Wakaja mbio. Gramofoni ikanyamazishwa. Mzee mmoja akasema, "Ile samaki iko na soksi."

Na sauti ya binti yangu, safi, ya shule: "Ile si samaki! Ile ni papa!"

Sasa sikilizeni. Ramazani anaogopa maji. Toka utoto. Hajui kuogelea hata kidogo, Feza aliniambia zamani, na nilikuwa nimeitunza habari hiyo moyoni kama mali. Maji ya magotini kwake ni bahari. Nilimsikia akivuta pumzi pale ukingoni. Nilimsikia akikunja suruali, mkunjo wa kwanza, wa pili. Akaingia. Akanishika kiunoni.

"Shemeji, usiogope. Mimi iko hapa."

"Vuta pole," nikasema. Ikatoka ng'ombe tena.

Akavuta kwa nguvu zote.

Mtego haukuachia. Kilichoachia ni suruali. Kutoka mkandani mpaka chini, trrrraaa! Mshono wangu mwenyewe. Nilikuwa nimeishona upesi, uzi mmoja badala ya nyuzi mbili, kwa sababu ni yangu na hakuna mteja wa kulalamika. Basi leo nimepata mteja mwenye malalamiko.

Mnajua kwetu mkwe na mama mkwe wake. Mama mkwe haoni hata goti lako. Ukipita anapooga unazunguka mtaa mzima. Na hapo nilikuwa nimemwelekezea Mama Zaina kila kitu, chupi tu ndiyo pazia. Nikamsikia anapiga yowe, anajifunika kichwa kwa kikwembe, anakimbilia vichakani.

"Sijaona! Mungu wangu, sijaona kitu! Sijaona!"

Sauti ikaenda mbali. Nikamshukuru Mungu. Halafu ikasimama. Halafu ikaanza kurudi.

"Ngoja."

Hatua.

"Feza. Ngoja kwanza. Ile maua. Ile maua nyekundu na manjano. Ile si kitambaa yangu ya Idi?"

Kijito kizima kikageuka kutazama.

"Alinishonea robe, akaniambia kitambaa imeisha! Nikaenda Idi bila kilemba! Kumbe kilemba yangu iko hapo!"

Hapa naomba haki nami. Ilikuwa nusu mita. Anasema mita nzima, na atasema hivyo mtaa mzima. Nusu mita! Na nyinyi mafundi mnajua nusu mita ni nini, ni desturi ya kazi.

Ramazani akavuta mara ya mwisho, na wanaume wawili wakashika mtego. Nikatoka kama kizibo. Nikaanguka chali ndani ya dimbwi, nikasimama, natiririka, mkono juu, na mkononi kambale, mnene, mrefu kama mkono wangu!

Watu wakapasuka kwa shangwe.

"Amekamata! Mugenia amekamata! Aliingia mwenyewe kumufuata!"

Feza akaja mbio juu ya mawe, peke yake, bila kushikwa mkono na mtu. Macho yake yanang'aa. Ingeishia hapo, ningesamehe suruali, ningesamehe na kilemba.

Mama Zaina akasogea, kikwembe kichwani, jicho moja nje. Akamtazama kambale. Akanyoosha kidole chini ya shavu la samaki, akavuta. Kamba ikatoka. Na jani moja, limekunjwa vizuri, la sokoni.

"Samaki ya hii kijito," akauliza, "inazaliwa na kamba?"

Sitaandika kicheko. Kalamu haitoshi. Mzee wa soksi ilibidi akalishwe juu ya ubao wa Wabelgiji. Mama mmoja ambaye simjui alinishika bega ili asianguke.

Na hapo Ramazani, amelowa mpaka mapajani, mkunjo umekufa kabisa, akajaribu kuniokoa mara ya tatu. Akasema kwa sauti ya kweli, kama shahidi:

"Labda ilikuwa imetoroka ku soko."

Ni uongo mbaya kuliko wote niliowahi kusikia. Mtoto mchanga asingeukubali. Na aliusema mbele ya watu wote, mtu asiyesema uongo, kwa ajili yangu. Nilitafuta wivu wangu ili unisaidie kumchukia, ukawa hauna pa kusimama. Ukaja kusimama kando: kumbe hata kudanganya, anadanganya kwa moyo safi.

Akanifunga koti lake kiunoni. Linanikaa vizuri, kwa bahati mbaya. Tukateremka. Njia nzima Mama Zaina alitembea hatua ishirini mbele yangu, hakugeuka, kwa adabu, lakini mabega yake yalikuwa yanatikisika. Kwenye kizuizi yule askari aliangalia koti, akaangalia kambale, akaangalia mtego. Akamuuliza Ramazani, si mimi, "Nani alimukamata nani?" Ramazani akasema, "Chef, ni habari refu." Gogo likainuliwa.

Nyumbani Feza alimpika kambale kwa majani, na pilipili. Mama Zaina alikula kichwa. Alisema samaki ya kununua nayo inashibisha, na kwamba kitambaa chake anakitaka, kikiwa kimefuliwa mara tatu. Kisha akaondoka, Ramazani akimsindikiza.

Jua lilikuwa bado halijazama. Feza akakaa kizingitini na suruali yangu iliyopasuka, akaanza kuishona kwa mkono. Nyuzi mbili. Nikaona sina cha kupoteza tena, nikamuuliza lile ambalo sijauliza miaka yote. Kwa nini si Ramazani?

Alikata uzi kwa meno kwanza.

"Ramazani hakosi kitu," akasema. "Tangu mutoto. Siku alikuja kuniomba, nilijiona kwa nyumba yake mpaka uzee, minavunja sahani, naye anasema 'si kitu, Feza, si kitu.' Kila siku si kitu. Nikachoka arusi bado haijafika."

"Na mimi?"

"Weye? Weye ukivunja sahani unaficha vipande chini ya kitanda. Halafu unakuja kuniangalia machoni kama vile tuko na paka."

(Hatuna paka.)

Nikataka kujibu, lakini alikuwa ameshainama juu ya suruali, anacheka, anacheka mpaka sindano ikamchoma, machozi yanamtoka, akiniangalia mimi. Huko ni kusifiwa au kutukanwa? Nimekaa nayo jioni nzima. Nikiipima huku, ni sifa. Nikiipima kule, ni kwamba alichukua mjinga kwa sababu mwerevu anachosha. Haki yangu ni kuandika yote mawili. Na koti la Ramazani liko hapa kwenye msumari, limekauka, na limerudi na mkunjo wake lenyewe.

Basi mmesoma. Kesho barazani nataka kusikia cherehani nne na hakuna sauti nyingine. Yeyote atakayecheka, nitamuuliza mbele ya wateja wake, kwa sauti kubwa, chupi aliyovaa imeshonwa kwa kitambaa cha nani.